Inchi 12, 14, 15.6 au 17: kioo kipi kwa kompyuta ya mtu wa Kigoma?

Ukiingia duka la kompyuta pale Mwanga ukasema unatafuta mashine, utaulizwa kwanza bajeti yako, kisha unataka Core i ngapi. Ukubwa wa kioo huachwa mwisho, na mnunuzi huuamua palepale kwa jicho: hii kubwa, basi ina nguvu, hii ndogo, basi ni ya kuchezea. Mimi ningeanza na kioo. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, huongezwa katika mashine nyingi, diski hubadilishwa, betri hununuliwa nyingine. Kioo cha inchi 15.6 hakigeuki kuwa cha 14 hata umpe fundi wiki nzima, na ndicho kitakachoamua kama kompyuta mpakato utakuwa unatoka nayo au unaiacha nyumbani.

Na huku kwetu kutoka na kompyuta ni jambo la kupangwa. Kuna mwanafunzi anayepanda treni ya reli ya kati kwenda Dodoma au Dar es Salaam, njia ya zaidi ya kilomita 1,200 mpaka mwisho wake. Kuna afisa wa mradi anayelala Kasulu leo na Kibondo kesho. Kuna mwalimu anayeshuka Kibirizi kupanda boti kwenda vijiji vya mwambao wa kaskazini, ambako nyumba nyingi zinategemea sola. Na kuna mwenye steshonari Ujiji ambaye mashine yake haitoki mezani mwaka mzima. Huwezi kuwaambia wote wanunue kitu kimoja ukawa umewatendea haki.

## Vigezo kwanza

Inchi za kioo hupimwa kona hadi kona, kwenye sehemu inayowaka tu, fremu haihesabiwi. Inchi 14 ni sentimita 35.6, na inchi 15.6 ni sentimita 39.6. Tofauti ya sentimita nne inaonekana si kitu, lakini eneo la kioo linaongezeka kwa karibu robo, na upana wa begi unaohitajika unaongezeka nao.

Vigezo vyangu ni vinne, na kila ukubwa nitaupima kwa hivyohivyo.

Kubeba. Usipime mashine peke yake. Pima mashine pamoja na chaja yake na begi litakalozimeza zote mbili. Chaja ya wati 65 inafichika kwenye mfuko wa pembeni. Chaja ya wati 230 ni tofali zima.

Nguvu. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo. Nguvu haikai kwenye inchi. Inakaa kwenye prosesa (ubongo wa kompyuta), RAM na aina ya diski. Kinachofanywa na mwili mkubwa ni kutoa nafasi ya kupumua: feni mbili badala ya moja, mabomba ya shaba marefu zaidi ya kutolea joto. Prosesa za Intel za ofisini, zile zenye herufi U mwishoni, zimetengenezwa kwa joto la takriban wati 15. Zile zenye herufi H ni wati 45. Wati 45 ukizibana kwenye mwili mwembamba wa inchi 13, mashine itapata moto, feni italia, na prosesa itajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo mwili mkubwa *unaruhusu* nguvu, lakini haukuahidi nguvu hiyo. Mashine nyingi za inchi 15.6 zina prosesa ileile ya herufi U iliyomo kwenye inchi 14.

Mfano halisi: i7-7500U ina viini viwili tu. i5-8250U, ya kizazi kilichofuata, ina vinne. Mtu anayelipia zaidi kwa ajili ya "i7, kioo kikubwa" na kuiacha i5 ya inchi 14 iliyo pembeni yake, kwa kazi nyingi nzito amelipia mashine dhaifu zaidi. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari, au mbili za kwanza zikianza na 1, ndiyo kizazi: 6300U ni kizazi cha 6, 8350U ni cha 8, 10210U ni cha 10, 1135G7 ni cha 11. Mstari wa kuangalia kwa sasa ni kizazi cha 8, kwa sababu Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mitumba mingi inauzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu hiyohiyo, na muuzaji hana wajibu wa kukukumbusha.

Umeme. Geuza chaja usome maandishi madogo, upande wa umeme unaotoka. Ukikuta 20V na 3.25A, zidisha: wati 65. Ukikuta 19.5V na 11.8A, ni wati 230. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho chaja hiyo inaweza kutoa. Mwenye TANESCO ataona ni suala la luku tu, pamoja na usumbufu wa umeme kukatika. Mwenye sola ataona ni suala la kufanya kazi au kutofanya. Betri ya sola ya 12V na 100Ah ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi, ukitaka idumu, usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 600. Inveta nayo inakula yake, basi hesabu 500. Kompyuta ya kuandikia inayokula wati 15 itapiga kazi zaidi ya saa 30 juu ya hizo. Mashine ya kuhariri video inayovuta wati 125 kazi ikikolea itazimaliza kwa saa 4. Paneli ni ileile na betri ni ileile.

Macho na vidole. Usiangalie ukubwa wa kioo ukasahau pikseli zake. Mitumba mingi ya ofisini ina kioo cha 1366 kwa 768, yaani pikseli milioni moja na kidogo. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina karibu mara mbili ya hizo. Kioo cha inchi 14 chenye 1920 kwa 1080 kitakuonyesha safu nyingi za Excel kuliko cha inchi 15.6 chenye 1366 kwa 768, ingawa herufi zitakuwa ndogo zaidi. Kwa kijana wa miaka 20 hiyo ni faida. Kwa mhasibu mwenye miwani ya kusomea, herufi kubwa inaweza kuwa na thamani kuliko safu za ziada, na hilo ni chaguo halali kabisa.

## Inchi 11.6 hadi 12.5

Kubeba: hakuna inayozifikia. Nyingi ziko kati ya kilo 1.1 na 1.4, zinaingia kwenye mkoba wa kawaida wa mama, na hakuna anayejua umebeba nini. Ukiwa daraja la tatu kwenye treni bila meza, inakaa mapajani na bado unaweza kuikunjua hata kama kiti cha mbele kiko karibu. Kwenye boti inaingia ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ikiwa imefungwa kwenye nailoni, na mawimbi ya Tanganyika hayaipati. Mwenye inchi 15.6 atatafuta ndoo hiyo sana.

Nguvu: hapa kuna familia mbili zinazofanana kwa sura, tafadhali usizichanganye. Ya kwanza ni zile za inchi 11.6 zenye Celeron (prosesa dhaifu ya Intel), RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya GB 64 au pungufu. GB 64 ni kima cha chini cha Windows 11 yenyewe. Masasisho yakianza kuingia, nafasi inakwisha na mashine inaganda. Ya pili ni za ofisini za inchi 12.5, kama ThinkPad X280 na Latitude 7290, zenye prosesa ya herufi U sawa na kaka zao za inchi 14. Hizo ni mashine kamili. Ila X280 RAM yake imechomelewa pia: ukinunua yenye GB 8, utakufa nazo hizo nane.

Umeme: ndizo zinazokula kidogo zaidi, na nyingi za kizazi cha 8 zinachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo pawabenki kubwa au chaja ya gari yenye wati za kutosha inaziwasha bila inveta.

Macho na vidole: ukurasa wa A4 unausoma kwa kuusukuma chini kila mara. Kazi ya saa mbili haina neno. Kuandika ripoti kutwa nzima utasikia shingo, kwa sababu unainama kuifuata.

Inamfaa anayekusanya takwimu kijiji kwa kijiji, msafiri wa boti, na mtu mwenye kompyuta nyingine kubwa ofisini.

## Inchi 13.3 hadi 14

Kubeba: kilo 1.2 hadi 1.6 kwa nyingi za ofisini. ThinkPad T480 inaanzia karibu kilo 1.6, Latitude 7490 karibu 1.4. Begi lolote la mgongoni la mwanafunzi linaipokea, na kwenye bodaboda ya kutoka stesheni kwenda Gungu hutaisikia mgongoni.

Nguvu: ndiyo saizi yenye tofauti kubwa zaidi ndani yake. Chini kabisa utakuta za bei rahisi zenye Celeron. Katikati ndiyo soko kuu la mitumba: T480, Latitude 7490, EliteBook 840 G5, nyingi zikiwa na viini vinne, na zina nafasi mbili za RAM unazoweza kuzijaza taratibu pesa ikipatikana. (Kila moja isome prosesa kwa uangalifu, kwa sababu baadhi zilitoka na kizazi cha 7.) Juu yake kuna MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020: inchi 13.3, kilo 1.29, haina feni hata moja, na bado inahariri video kwa raha kuliko Intel nyingi za inchi 15.6 za wakati wake. Upungufu wake ni kwamba RAM na hifadhi haviongezeki kamwe, na ikiharibika siyo kila fundi ataigusa.

Kutokuwa na feni kuna maana yake huku. Kiangazi, kati ya Juni na Septemba, vumbi jekundu la barabara za ndani linaingia kila penye tundu, na feni ya kompyuta ni tundu linalovuta hewa mchana kutwa. Mashine yenye feni, ya ukubwa wowote, ifunguliwe ipulizwe angalau mara moja kila msimu wa vumbi. Nyembamba ndizo zinazoathirika haraka zaidi, maana matundu yake ni membamba.

Umeme: chaja za wati 45 au 65, nyingi USB-C. T480 ina jambo ambalo nalipenda sana kwa mazingira yetu: betri mbili, moja ndani na moja nje, na ile ya nje unaichomoa na kupachika nyingine mashine ikiwa inawaka. Umeme ukikatika saa mbili asubuhi na hujui utarudi saa ngapi, betri ya akiba mezani ni kazi iliyookolewa. Mrithi wake, T490, ameondolewa uwezo huo.

Macho na vidole: kibodi ni ya ukubwa kamili, vidole havibanani. Hakuna sehemu ya namba upande wa kulia. Anayeingiza tarakimu kutwa atalikosa hilo siku ya kwanza, ingawa kibodi ndogo ya namba ya USB inaziba pengo. Mpya zenye kioo cha 16:10 ni ndefu kidogo kwenda juu, mistari michache zaidi ya Word inaonekana, na kwa mwandishi wa tasnifu hiyo ni nafuu ya kweli.

Kwa matengenezo, vioo vya inchi 14 na 15.6 vya 1920 kwa 1080 vina faida: vingi hutumia waya wa aina moja wa pini 30 hata kampuni zikitofautiana, kwa hiyo kikipasuka fundi ana pa kutafutia. Vya 12.5 na 13.3 jiandae zaidi kuagiza.

Inamfaa mwanafunzi wa chuo, mwalimu, afisa wa miradi, mwandishi wa habari. Haimfai vizuri anayehariri video za harusi kwa malipo, wala anayechora ramani za nyumba kutwa.

## Inchi 15.6 na 16

Kubeba: kilo 1.7 hadi 2.2 kwa za kawaida, na zaidi kwa zenye kadi ya picha ya peke yake. Uzito wenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni upana. Kioo peke yake kina sentimita 34.5, ongeza fremu, na mabegi mengi ya shule yanakataa kufunga zipu. Kwenye basi la kwenda Kasulu utaishika mapajani, hutaifungua.

Nguvu: nafasi ya kupumua ipo, lakini hakikisha imetumika. Kuna aina mbili tena. Moja ni ya kawaida, prosesa ya U, mwili mpana, kibodi yenye namba: hii ni inchi 14 iliyonyooshwa, na kwa kazi za ofisi haina kosa lolote. Nyingine ina prosesa ya H na kadi ya picha kama GTX au RTX ya NVIDIA, au Quadro kwenye zile za wahandisi. Hiyo ndiyo ya Premiere Pro ya kuhariri video, ya ArchiCAD ya kuchora majengo, ya QGIS ya ramani zenye picha nzito za setilaiti. Video ya harusi ya saa mbili kwenye mashine ya U bila kadi ya picha unaweza kuiacha ijitoe usiku kucha. Kwenye ya H yenye kadi nzuri unapata muda wa kufanya ya pili. Kwa mtu anayelipwa kwa kazi, tofauti hiyo ni mteja mmoja zaidi.

Umeme: aina ya kwanza inakula kama inchi 14, labda zaidi kidogo kwa sababu ya mwanga wa kioo. Aina ya pili inataka chaja ya wati 135 hadi 230, na ikichomolewa ukutani hujipunguzia nguvu. Betri yake kwa kazi nzito ni ya saa moja au mbili. Kwenye sola ya nyumbani iliyofungwa kwa taa na televisheni, usiinunue kabla ya kuzungumza na fundi sola wako kuhusu uwezo wa inveta.

Macho na vidole: hapa ndipo inaposhinda. Madirisha mawili yanakaa sambamba, namba ziko mkono wa kulia, mteja wa steshonari anasimama ng'ambo ya meza na kuiona barua yake ikirekebishwa. Hakikisha tu kioo ni cha aina ya IPS: vile vya TN ukikaa pembeni rangi zinageuka, na bibi harusi anayechagua picha ataona gauni lake si jeupe.

Inamfaa mwenye steshonari, mhasibu, mpiga picha na mhariri wa video, mchora ramani, na familia inayotumia kompyuta moja sebuleni.

## Inchi 17.3

Kubeba: kilo 2.3 hadi 3, na begi la kutafuta maalumu. Nguvu: nyingi ni za gemu au za wahandisi, zenye upozaji mzuri kuliko zote hapo juu. Umeme: mkubwa, tena ukiambatana na chaja nzito. Macho: raha tupu. Inamfaa mtu ambaye angenunua kompyuta ya mezani ila chumba chake ni cha kupanga na anahama mara moja au mbili kwa mwaka.

## Njia ya tano: ndogo pamoja na monita

Duka la mitumba likiwa na monita ya inchi 22 au 24, jumlisha bei yake na ya mashine ya inchi 12.5 au 14 kabla hujanunua inchi 17. Monita ya inchi 22 inakula wati 20 hadi 25 hivi, inaunganishwa kwa waya wa HDMI, na inabaki nyumbani wewe ukisafiri. Unapata macho ya mtu wa mezani na bega la msafiri. Hupati nguvu ya prosesa ya H, hilo likumbuke.

## Kusoma ukubwa kwenye jina

Usimtegemee muuzaji kwa inchi, jina la mashine linakuambia. EliteBook 820 ni inchi 12.5, 830 ni 13.3, 840 ni 14, 850 ni 15.6. Latitude 7290 ni ya 12.5, 7390 ya 13.3, 7490 ya 14, 5590 ya 15.6: tarakimu ya pili ndiyo saizi. ThinkPad X280 ni 12.5, T480 ni 14, T580 ni 15.6. Ukitumiwa picha kwa WhatsApp kutoka Kariakoo, omba na picha ya dirisha la maelezo ya mfumo, usome prosesa kwa macho yako.

## Kwa hali yako

Unakwenda chuo mara ya kwanza, hujui masomo yatakudai nini: inchi 14 ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM GB 8 yenye nafasi ya kuongeza, na SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Kama umepangiwa uhandisi, usanifu majengo au upimaji ardhi, tazama 15.6 yenye H, na ukubali begi kubwa.

Unafanya kazi za miradi kambini na vijijini, unalala nje ya mji: 12.5 au 14, chaja ya USB-C iwe sharti. Ikiwa ripoti zako ni ndefu, panda kwenye 14.

Nyumbani ni sola: tazama wati kabla ya inchi. Kila chenye chaja ya 45 au 65 kinakufaa, hata kiwe cha 15.6.

Unafungua steshonari: 15.6 ya kawaida ya prosesa ya U inatosha kuchapa, kuskani na kujaza fomu za mtandaoni. Pesa ya kadi ya picha iweke kwenye printa.

Unahariri video au kuchora nyumba: 15.6, 16 au 17.3 yenye H, RAM GB 16. Kati ya hizo tatu amua kwa swali moja: mteja anakuja kwako au unamfuata?

Bado umekwama kati ya 14 na 15.6: nenda dukani na begi lako la kila siku likiwa na vitu vyako vyote. Omba uweke mashine na chaja yake ndani, ufunge zipu, ulivae utembee mpaka barabarani na kurudi. Kisha kaa uchape aya nzima kwenye kila moja, mwanga wa kioo ukiwa umepunguzwa kama utakavyoupunguza umeme ukikatika. Muuzaji anayekataa jaribio hilo, liko duka jingine.